Sera za uchumi za serikali ya kwanza ya Thatcher

Sera za uchumi za serikali ya kwanza ya Thatcher ni hatua zilizochukuliwa na serikali ya Chama cha Conservative nchini Uingereza kati ya miaka 1979 na 1983, hasa kwa lengo la kupunguza mfumuko wa bei. Hatua hizo zilizusha hofu kubwa kuhusu ajira, na hadi leo wanauchumi hawakubaliani kama gharama yake ilikuwa ya lazima.

Chanzo

Katika majira ya baridi ya 1978–1979, chini ya serikali ya Chama cha Labour ya James Callaghan, Uingereza ilikumbwa na migomo mingi ya wafanyakazi waliodai nyongeza ya mishahara. Takataka zilirundikana mitaani na baadhi ya hospitali zilipokea wagonjwa wa dharura tu. Katika uchaguzi wa tarehe 3 Mei 1979 Conservative walishinda, na Margaret Thatcher akawa waziri mkuu.

Serikali mpya ilifuata nadharia iliyoenezwa na Milton Friedman, kwamba bei hupanda pale fedha zilizo katika mzunguko zinapoongezeka kuliko uzalishaji.

Hatua za mwanzo

Waziri wa Fedha, Geoffrey Howe, alisoma bajeti yake ya kwanza Juni 1979. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilishuka kutoka asilimia 83 hadi 60, na kile cha kawaida kutoka 33 hadi 30. Kufidia pengo hilo, kodi ya ongezeko la thamani, iliyokuwa asilimia 8 kwa bidhaa nyingi, ilipandishwa hadi 15. Novemba 1979 riba ya Benki Kuu ilifikia asilimia 17.

Malalamiko ya wananchi

Wakosoaji walisema mzigo wa kodi umehamishiwa kwa wenye kipato kidogo, kwa kuwa kodi ya bidhaa hulipwa na kila mnunuzi. Mfumuko wa bei wenyewe uliongezeka kwanza, ukakaribia asilimia 22 Mei 1980. Kodi hiyo, bei ya mafuta na nyongeza za mishahara vilichangia.

Wenye viwanda nao walilalamika. Riba kubwa ilifanya mikopo iwe ghali. Pamoja na mafuta ya Bahari ya Kaskazini, iliipandisha pia thamani ya pauni, hivyo bidhaa za Uingereza zikawa ghali katika masoko ya nje. Viwanda vingi vilifungwa, na Agosti 1980 idadi ya wasio na kazi ilizidi milioni 2.

Wanafunzi wapya kutoka nje ya Jumuiya ya Ulaya, wakiwemo wa Afrika Mashariki, walitakiwa kulipa gharama kamili ya masomo kuanzia mwaka 1980.

Bajeti ya 1981

Machi 1981, katikati ya mdororo wa uchumi, Howe aliongeza kodi ili kupunguza mikopo ya serikali. Wanauchumi 364 walitia saini tamko la kupinga sera hiyo, wakionya kwamba itazidisha mdororo. Serikali ilijibu kwamba ikikopa kidogo, riba itaweza kushuka.

Mwaka huohuo yalitokea machafuko Brixton, London, na Toxteth, Liverpool. Chanzo cha karibu kilikuwa uhusiano mbaya kati ya polisi na vijana weusi, lakini ripoti ya Lord Scarman kuhusu Brixton ilitaja pia ugumu wa maisha na ukosefu wa ajira.

Matokeo

Mwaka 1983 mfumuko wa bei ulikuwa chini ya asilimia 5, na uzalishaji ulikuwa umeanza kukua tena. Hata hivyo, waliokosa kazi walizidi milioni 3 Januari 1982, na idadi hiyo haikupungua kwa miaka kadhaa. Conservative walishinda tena uchaguzi wa Juni 1983, wakisaidiwa pia na ushindi katika Vita vya Falkland na mgawanyiko wa upinzani.

Watetezi wa sera hizo husema ziliondoa ugonjwa wa miaka mingi. Wapinzani hujibu kwamba dawa hiyo ilinywewa na miji ya viwanda ya kaskazini mwa Uingereza, Wales na Uskoti, ambako kazi nyingi zilizopotea hazikurudi.