Njia za Anga za Kimataifa na Uchumi wa Kyela

Kyela, wilaya ya Mkoa wa Mbeya iliyo kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, hutegemea Mbeya kwa usafiri wa ndege za abiria. Historia ya eneo hili inaonyesha kwamba njia ya moja kwa moja kutoka nje huleta mtaji na ajira pale inapokuta shughuli yenye faida tayari.

Njia ya kwanza ilifika mapema. Mwaka 1932 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilipoanzisha safari za kutoka Cairo hadi Cape Town, Mbeya ilikuwa kituo kati ya Dodoma na Mpika, katika Zambia ya leo. Mji wenyewe ulikuwa bado mchanga, ukitegemea dhahabu ya Lupa, Chunya. Mwaka 1937 njia kuu ilihamia pwani kwa ndege za kutua majini, zilizopitia Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Lupa iliendelea kutoa dhahabu kwa miaka mingi baadaye, jambo ambalo wanaodai kwamba ndege huzaa uchumi hulisahau.

Ajira nayo ilifuata mkondo wake. Wanyakyusa wengi walikwenda migodi ya Afrika Kusini kupitia wakala wa kuandikisha wafanyakazi aliyejulikana huku kama Wenela, ambaye kuanzia miaka ya 1950 alisafirisha wachimbaji wa ukanda huu kwa ndege kupitia Francistown. Mishahara ilikuwa ya kweli, lakini uwekezaji ulibaki kusini. Upande wa Malawi uandikishaji uliendelea hadi tarehe 4 Aprili 1974, ndege ya wachimbaji waliokuwa wakirudi nyumbani ilipoanguka Francistown na kuua watu 78. Rais Banda wa Malawi akausimamisha.

Kiwanja cha Songwe kilifunguliwa Desemba 2012, kikachukua nafasi ya kile cha zamani mjini Mbeya. Kinaitwa cha kimataifa, ila safari zake za ratiba zimekuwa hasa za Dar es Salaam.

Kwa mazao ya Kyela, hasara ya kukosa safari za moja kwa moja kutoka nje si kubwa. Kokoa, ambayo wilaya hii ni mzalishaji wake mkuu nchini, ikishavundikwa na kukaushwa huvumilia safari ndefu. Huuzwa mnadani kwa stakabadhi ghalani kupitia vyama vya msingi, kisha malori huipeleka bandarini. Parachichi za wilaya jirani ya Rungwe husafiri kwenye makontena yenye ubaridi. Wenye haja ya ndege ni watu: mnunuzi anayetaka kuikagua kokoa kabla ya kufunga mkataba, mkaguzi wa kilimo hai, fundi wa mashine iliyokwama, mtalii wa ufukwe wa Matema. Hao hubadilisha ndege Dar es Salaam, kisha wakitua Songwe huteremka kwa barabara kupitia Tukuyu. Wafanyabiashara wa Kasumulu, mpakani, ambao soko lao la nje ni Malawi, huvuka Mto Songwe kwa daraja.