Mbwa wa kusaka ndege: namna ya kuandaa siku ya mazoezi ya pamoja Songea

Mbwa kumi wasiofahamiana wakikutanishwa kwenye uwanja mmoja bila mpango, matokeo yake ni kelele, kamba zilizosokotana na pengine mtoto wa jirani aliyeng'atwa. Mbwa haohao wakikutanishwa kwa utaratibu, kila mmoja anaweza kujifunza kwa asubuhi moja jambo ambalo mwenye mbwa akiwa peke yake nyumbani hulihangaikia mwezi mzima. Makala hii inaeleza utaratibu huo kwa wanaofikiria kuanzisha kikundi cha wafugaji wa mbwa wa kusaka ndege katika Manispaa ya Songea na wilaya jirani. Inaeleza pia kwa nini, katika mazingira yetu, siku hiyo inaanzia kwenye sheria na kadi ya chanjo kabla ya kufika uwanjani.

Mbwa wa kusaka ndege ni yupi?

Ni mbwa anayetumia pua kumtafuta ndege aliyejificha kwenye nyasi, kisha akamjulisha binadamu bila kumrukia. Huko Ulaya walizalishwa kwa kazi hiyo kwa vizazi vingi. Pointa husimama kama sanamu, pua ikielekea alipo ndege. Seta alipata jina lake kwa sababu zamani alifundishwa kulala chini ili wavu urushwe juu ya ndege. Spanieli huingia kichakani na kumwinua ndege, na ritriva, kama Labrador, kazi yake ni kuleta kilichoanguka. Mashindano ya kwanza ya uwanjani ya mbwa wa aina hii yaliyoandikwa kwenye kumbukumbu yalifanyika Southill, Uingereza, mwaka 1865.

Mbwa wetu wa kienyeji hakuzalishwa kwa ajili hiyo. Amelinda nyumba, amefukuza ngedere na nguruwe pori mashambani, na ameishi kwa akili yake. Usitegemee asimame kama pointa bila kufundishwa. Lakini pua anayo, miguu anayo, na hula chochote unachompa kama zawadi, jambo linalorahisisha kazi ya mkufunzi kuliko watu wanavyodhani. Kikundi kinachoanza Songea kitakuwa na mbwa wa kienyeji wengi na wa kizungu wachache au chotara. Si tatizo, mradi kila mwenye mbwa ajue anachoweza kudai kwa mbwa wake.

Sheria inaruhusu nini?

Hapa ndipo vikundi vingi vinaweza kujikwaa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inamtaja mbwa, pamoja na sumu, nyavu na mitego, miongoni mwa njia ambazo mtu haruhusiwi kuzitumia katika uwindaji bila idhini ya maandishi. Kwale na kanga wa porini ni wanyamapori mbele ya sheria hiyo. Kwa hiyo kundi la watu na mbwa kumi linalopita porini likiinua kwale haliwezi kujitetea kwamba lilikuwa kwenye mazoezi tu. Askari wa wanyamapori atakayewakuta hana njia ya kupima nia zenu.

Suluhisho ni kufanya mazoezi kwa ndege wenu wenyewe: njiwa wa kufugwa, kwenye shamba la mtu aliyekubali, mbali na hifadhi. Bustani ya wanyamapori ya Ruhila iko ndani ya manispaa yenyewe, na msitu wa Matogoro uko karibu na mji. Maeneo hayo yasiguswe. Kabla ya siku ya kwanza, viongozi wa kikundi wamwone afisa wanyamapori na mwenyekiti wa mtaa au kijiji, waeleze watafanya nini, wapi na saa ngapi, na waombe jibu kwa maandishi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inawahusu, kwa mbwa na kwa njiwa pia: mnyama asipigwe, asiteswe, asiachwe bila maji.

Bunduki zibaki nyumbani. Ni kweli kwamba mbwa wa wawindaji huzoeshwa mlio wa risasi, lakini Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ina masharti yake, na mlio mmoja karibu na makazi unatosha kuwapotezea imani ya majirani. Mbwa anaweza kuzoeshwa kelele kwa mifuniko ya sufuria inayogonganishwa mbali kabisa wakati anakula, kisha karibu kidogo siku nyingine. Akiacha kula na kuinua kichwa kwa hofu, mmekwenda haraka mno.

Kadi ya chanjo mlangoni

Mbwa asiye na chanjo ya kichaa cha mbwa asishuke hata kwenye pikipiki iliyomleta. Sharti hili lisiwe na mjomba wala rafiki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ugonjwa huo karibu kila mara huua.

Kusini mwa nchi yetu kuna sababu ya ziada. Katika mikoa jirani ya Lindi na Mtwara, watafiti waliofuatilia ugonjwa huu kuanzia mwaka 2011 walikuta kwamba zaidi ya asilimia 40 ya visa vya wanyama vilikuwa vya bweha. Mbwa anayefanyia mazoezi pembezoni mwa pori anaweza kukutana na bweha asiyeonekana na mtu yeyote. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa kuchanja mbwa wa nyumbani ndiyo njia ya kuuzima ugonjwa, hata mahali ambapo bweha wengi wanaugua.

Mbwa achanjwe akiwa na umri wa miezi mitatu au zaidi, na apewe angalau mwezi mmoja baada ya chanjo ya kwanza kabla ya kuchanganywa na wenzake. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mara nyingi huambatana na kampeni za chanjo. Kikundi kinaweza kuzungumza na afisa mifugo wa kata ili siku ya mazoezi na siku ya chanjo ziwe moja, na mbwa wa mtaa mzima wanufaike. Mtu akikwaruzwa au kuumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Mjue mapema ni kituo gani kina chanjo ya binadamu. Kulitafuta jibu hilo huku mtu anavuja damu ni kuchelewa.

Jike lililo kwenye joto libaki nyumbani, hata kama mwenyewe amesafiri kutoka Peramiho. Mbwa anayeharisha, anayekohoa au mwenye homa naye abaki. Kwa wanaoishi upande wa Namtumbo na Tunduru, ambako kuna mapori yenye mbung'o, wachunguze pia macho: ukungu mweupe kwenye jicho, pamoja na kukonda na homa, ni dalili inayojulikana ya ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoumizwa sana nao. Huyo ni wa daktari wa mifugo.

Wakati na mahali

Mashamba ya mahindi yakishavunwa, kuanzia Juni hadi Agosti, ndiyo uwanja bora. Mabua yamebaki, mazao hayapo, na mwenye shamba hana sababu ya kununa. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo asubuhi za miezi hiyo ni za baridi na zina umande. Unyevu huo husaidia, kwa kuwa harufu hudumu chini karibu na nyasi. Jua likipanda na vumbi kukauka, mbwa yuleyule aliyefanya vizuri saa moja atapita juu ya njiwa bila kumhisi. Watu husema mbwa amechoka au ni mjinga, kumbe harufu imepotea.

Anzeni saa 12:30 asubuhi, mmalize kabla ya saa 4:30. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39, na likifika 41 yuko hatarini. Akianza kuyumba, mate yakiwa mazito na ulimi mwekundu sana, apelekwe kivulini, amwagiwe maji tumboni na miguuni, apepewe, na daktari aitwe. Dumu mbili za lita 20 kwa mbwa kumi si nyingi.

Kagueni shamba kabla mbwa hawajaletwa. Kifutu hupenda kulala kwenye mabua na haondoki haraka. Swila akimtemea mbwa machoni, jicho lioshwe kwa maji mengi safi papo hapo. Na kwa kuwa ni kiangazi, asiwepo mtu wa kuvuta sigara shambani.

Mnyororo wa kusubiri

Kosa kubwa la mikusanyiko ya mbwa ni kuwafanyisha wote kazi kwa wakati mmoja. Vikundi vyenye uzoefu, hasa Marekani, hutumia mnyororo mmoja mrefu uliotandazwa chini na kufungwa kwenye vigingi pande zote mbili. Kila baada ya mita mbili hivi kuna kamba fupi, na mbwa mmoja hufungwa hapo. Hawawezi kufikiana. Mmoja anatolewa, anafanya kazi mbele ya wenzake, anarudishwa.

Dakika za mwanzo ni fujo tupu: kubweka, kuvuta, kulia. Usiwakemee. Mbwa akinyamaza hata kwa sekunde chache, mwenyewe ampe kipande cha chakula. Panyabuku wa shirika la APOPO, wanaofundishwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pale Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, nao hufundishwa kwa zawadi: husikia mlio mdogo wanapopatia, kisha hupewa chakula. Kinachomfundisha panya kinamfundisha mbwa. Baada ya nusu saa hivi mstari huo huwa umetulia kwa namna inayowashangaza wenye mbwa wenyewe, na kwa maoni yangu hilo ndilo somo kubwa la siku kuliko lolote linalohusu ndege.

Mbwa kumi au kumi na wawili wanatosha kwa asubuhi moja. Wagawe makundi mawili: wanaoanza na waliokwisha kuonja. Kila mbwa afanye kazi dakika kumi, mara mbili tu. Wenye mbwa wataona ni kidogo na wataomba zaidi. Wakataliwe.

Njiwa kwenye tenga

Njiwa mmoja huwekwa kwenye tenga dogo lenye nafasi ya kutosha, likafunikwa nyasi na kufichwa shambani. Mfuniko umefungwa kamba ndefu inayoshikwa na msaidizi aliyejitenga. Mkufunzi hurusha vumbi kidogo hewani kujua upepo unaelekea wapi, kisha humleta mbwa, akiwa kwenye kamba ya mita kumi, akikata upepo kwa ubavu. Akija na upepo mgongoni, atamkanyaga njiwa kabla ya kumnusa.

Ghafla utaona kichwa kinageuka na mkia unabadilika. Hapo mwenye mbwa asiseme neno. Aishike kamba tu bila kuivuta. Mbwa akisimama, hata kwa pumzi mbili, asifiwe kwa sauti ya chini na apewe muda. Akiruka mbele, msaidizi anavuta kamba, tenga linafunguka, njiwa anaruka na kwenda zake. Hakuna kupigwa wala kelele. Mbwa mwenyewe anahesabu: nikikimbilia, ndege anaondoka, nikitulia, ndege yupo. Wengi hulielewa baada ya kurudia mara chache, wengine wanahitaji siku tatu za klabu, na wapo wachache wasiojali kabisa. Hao wafundishwe kuleta kitu kilichorushwa, kwa mfano kitambaa kilichofungwa manyoya, na watafurahi zaidi.

Njiwa anayetoka kwenye banda la karibu hurudi nyumbani mwenyewe. Kikundi chenye njiwa wanane waliozoea banda lao kinaweza kuwatumia msimu mzima bila kununua wengine. Njiwa asitumike zaidi ya mara moja kwa asubuhi.

Watu nao

Siku ya mazoezi hufa kwa sababu ya watu mara nyingi zaidi kuliko kwa sababu ya mbwa. Kijana aliyekuja na mbwa wa kienyeji hachekwi mbele ya mwenye Labrador. Mzee aliyefuga mbwa wa kulinda shamba miaka mingi apewe nafasi ya kusema anachokijua. Watoto wakae upande mmoja na mtu mzima mmoja, na wafundishwe kutomgusa mbwa kabla ya kumwomba mwenyewe. Mmoja wenu abaki kwenye mnyororo muda wote bila kazi nyingine, na kazi hiyo izunguke, isiwe ya yuleyule.

Chai na mihogo ya kuchemsha viwepo saa nne, mbwa wakiwa kivulini. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli hufanyika: nani ana kupe wengi, nani amepata dawa wapi, mbwa wa nani ameanza kusimama. Mtunza kumbukumbu aandike kwenye daftari jina la kila mbwa, tarehe ya chanjo na kile alichofanya siku hiyo, ili mwezi ujao mkufunzi ajue aanzie wapi. Zoezi la mwisho la kila mbwa liwe jepesi, lile analoliweza, na afungwe kwenye mnyororo akiwa bado anatamani kuendelea.