Safari ya Vijana wa Kwaya, Kakuma

Katika albamu ya kwaya kuna picha ya vijana wetu wamejaa vumbi hadi nyusi. Hapo ni Kakuma, Turkana. Kambi hiyo ilianza mwaka 1992, walipofika maelfu ya wavulana wa kusini mwa Sudan. Walikuwa wamekimbia vita kwa miguu hadi Ethiopia, na serikali ya Mengistu ilipoanguka mwaka 1991 wakalazimika kukimbia tena, mwishowe wakaingia Kenya. Wengi hawakuwa na mzazi. (Wageni huandika kwamba "kakuma" ni Kiswahili, maana yake "pasipo mahali". Kiswahili cha nani?)

Akina mama walifanya harambee, tukatoka Baba Dogo kwa basi kupitia Kitale na Lodwar, tukiwa na madaftari, mipira na nyimbo nne za kuwafundisha watoto. Hatukufundisha hata mmoja. Watoto wa Kidinka walileta ngoma zao wakaimba kwa lugha yao, na wale wa Kongo wakatusalimu kwa Kiswahili kilichotufanya sisi wa Sheng tuone haya. Mwalimu wetu aliketi mchangani akaanza kuandika noti. Wimbo wa tatu katika ratiba ya leo, ule wa ngoma, ulitoka huko.

Siku ya kuondoka, msichana mmoja aliuliza tutarudi lini. Tukasema Desemba.

Desemba hiyo tulinunua kinanda, hiki mtakachokisikia leo. Orodha ya watoto, pamoja na saizi za viatu tulizowapima, bado iko kwenye faili ya katibu.