Mtakatifu Sipriani na Ukarimu wa Wakristu wa Kartago

Sisi watu wa pande za Ziwa Tanganyika tumesikia tangu utoto habari za watoto waliokombolewa na mapadri wa kwanza. Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, na mwaka uliofuata wakavuka ziwa kuja upande wetu, kule Masanze. Misafara ya watumwa ilikuwa ikipita. Nao wakatoa vitambaa, wakapewa watoto. Feza za kununulia vitambaa vile zilitoka kwa wakristu wa Ulaya, ambao hawakutazamia kuwaona watoto hao hata siku moja. Kardinali Lavigerie, aliyewatuma mapadri hao, alifanywa Askofu Mkuu wa Kartago mwaka 1884. Basi katika mji huo huo wa Kartago, karibu na Tunis, kazi ya kukomboa watu ilikuwa imefanywa zamani sana, na waliotoa feza walikuwa wakristu wa Afrika.

Askofu wao aliitwa Sipriani. Alizaliwa mpagani, akawa mwalimu wa ufasaha wa maneno, mtu tajiri mwenye jina kubwa mjini. Alibatizwa yapata mwaka 246, akauza mali yake kwa ajili ya maskini, hata bustani zake. Bustani zile zilimrudia baadaye. Shemasi wake Pontius, aliyeandika maisha yake, asema angaliziuza mara ya pili, ila aliogopa kuamsha kijicho wakati wa mateso. Nami naona alifanya vema, kwa maana hata kutoa kwataka akili.

Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wote waitolee miungu sadaka. Wapagani wa Kartago wakapiga kelele wakitaka Sipriani atupiwe simba. Yeye akajificha, na wengine walimlaumu sana kwa hilo. Lakini toka mafichoni aliwaandikia mapadri wake wawatunze wajane, wagonjwa na maskini. Tena wageni wenye shida wapewe kutoka fungu lake mwenyewe, aliloliacha kwa padri Rogatianus.

Yapata mwaka 252 yakaingia maradhi makali ya kuambukiza. Watu waliwakimbia ndugu zao, wakawatoa nje wangali hai, maiti zikalala njiani. Sipriani akawakusanya wakristu. Akawaambia kwamba si ajabu kuwatunza watu wetu tu, maana hata watoza ushuru na wapagani hufanya hivyo. Mkristu sharti azidi hapo, amtendee mema adui yake pia.

Hapa, msomaji mpenzi, tusipite upesi. Wapagani hao ndio waliotaka askofu aliwe na simba. Wakristu wengine walikuwa wamefungwa, wengine wamenyang'anywa mali. Fikiri sasa: mtu aliyekuchongea juzi amelala mbele ya mlango wako, ana homa, anatapika, na wa kwake wamemkimbia. Ukimwinua waweza kufa naye. Kutoa feza ni vyepesi kuliko hapo! Pontius asema kila mtu alipewa kazi kadiri ya hali yake: matajiri walitoa mali, na maskini wasio na kitu walitoa nguvu za mikono yao. Naye asema kazi yao ilipita mali kwa ubora.

Katika miaka hiyo hiyo maaskofu 8 wa Numidia walileta barua: washenzi wamewashambulia, wamewachukua mateka wakristu, wanaume kwa wanawake. Wakristu wa Kartago wakachanga sesterti 100,000, ndiyo feza ya Waroma, na askofu wao akazituma. Maaskofu wageni waliokuwapo mjini wakaongeza yao. Sipriani akatuma pia orodha ya majina ya waliotoa. Siku hizi wengi wapenda majina yao yasomwe kwa sauti ili jirani asikie. Yeye aliyapeleka mbali, kwa watu wasiowajua, ili wakombolewa na ndugu zao wawakumbuke katika sala. Akaongeza kwamba jambo hilo likitokea tena, wasikawie kumpasha habari.

Mwaka 257 alihamishwa kwa nguvu mpaka Curubis. Mwaka uliofuata aliruhusiwa kurudi, akakaa katika bustani zake zile, na humo ndimo askari walimokuja kumkamata. Tarehe 14 Septemba 258 liwali Galerius Maximus alimhukumu kukatwa kichwa. Sipriani akajibu: Deo gratias. Wakampeleka uwanjani, umati wa wakristu ukimfuata. Akavua joho lake, akapiga magoti akasali, kisha akawapa mashemasi vazi lake la juu, akabaki na kanzu ya kitani. Alipofika mwenye kumchinja, Sipriani aliwaamuru rafiki zake wampe mtu huyo vipande 25 vya zahabu. Kisha akajifunga kitambaa machoni kwa mikono yake mwenyewe.