Kompresa ya 1176, nakala ya kujiundia

Kifaa cha studio ambacho fundi hujiundia mwenyewe kwa kufuata sakiti ya 1176, kompresa ya sauti aliyoibuni Mmarekani Bill Putnam na iliyotoka mwaka 1967. Hupunguza pengo kati ya sauti kubwa na ndogo, ili maneno ya mwimbaji yasimezwe na ngoma wala gitaa.

Wepesi wake unatokana na transista ya FET inayofanya kazi kama rezista inayobadilika. Huanza kubana ndani ya mikrosekunde 20 hadi 800, kwa uwiano wa 4, 8, 12 au 20 kwa 1. Kitufe cha kuzungusha cha kasi hiyo huenda kinyume na mazoea: namba 7 ndiyo ya haraka zaidi.

Kazi ngumu si kulehemu. FET zenye namba moja hutofautiana sana kitabia, hivyo fundi hununua kadhaa, huzipima na kuchagua zinazolingana. Kisha hurekebisha volti ya FET hadi sauti ishuke desibeli 1 tu. Anayeruka hatua hii hupata sanduku zuri lisilobana ipasavyo.

Angalia pia umeme wa mahali ulipo: katika miji ya mpakani ya Busia na Malaba, upande wa Kenya na wa Uganda, ni volti 240, hezi 50. Transfoma ya volti 115 pekee, ya soko la Marekani, itaungua. Chagua inayokubali volti 240, weka fyuzi, na unganisha sanduku la chuma na waya wa ethi kabla ya kuwasha.