Mwarubaini wa uani na nzige wa Keele

Ghorofa zinapochukua nafasi ya nyumba za chini za Ng'ambo, Unguja, miti ya uani ndiyo inayotangulia kuondoka. Jang'ombe bado wapo kina mama wanaochuma majani ya mwarubaini kumkogesha mtoto mwenye tetekuwanga. Anayeukata anaona kuni. Mimi naona mti uliowashughulisha wakemia wakubwa wa dunia kwa miaka arobaini, na inaniuma kwamba kisa hicho hakisimuliwi kwetu.

Mwaka 1942 Salimuzzaman Siddiqui, mkemia wa Bara Hindi, alitoa viambato vya kwanza katika mafuta ya mwarubaini. Mwaka 1959, huko Sudan, Mjerumani Heinrich Schmutterer aliona nzige wamekomba kila jani isipokuwa la mwarubaini. Kulikuwa na kitu ndani ya mti kinachowafunga mdomo. Kitu gani?

Aliyekifuata ni David Morgan wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, pamoja na J. H. Butterworth. Mwaka 2009 Morgan aliandika makala akiita walichokipata mgodi wa dhahabu wa kisayansi, na simulizi yake ndiyo ninayoitegemea hapa.

Mbegu ya mwarubaini ni mkorogo wa viambato vingi vinavyofanana. Kuvitenga, wakemia hutumia kromatografia ya safu: mrija wa kioo uliosimamishwa, ukajazwa unga mweupe, mara nyingi silika, kisha mchanganyiko ukawekwa juu na kumiminiwa kiyeyushi. Vyote huanza safari pamoja, lakini ni kama watu wanaokatiza soko la Darajani: asiyejuana na mtu hupita haraka, mwenye jamaa wengi husimama kila hatua. Kinachonata kidogo kwenye unga hutangulia kudondoka, kinachonata sana huchelewa, na kila tone hukingwa katika chupa yake. Njia hii iliasisiwa na Mikhail Tsvet, Mrusi aliyetenga rangi za majani kwa chaki mjini Warsaw na kuichapisha kazi yake mwaka 1906. Ilidharauliwa mpaka ilipofufuliwa Heidelberg mwaka 1931, miaka 12 baada ya kufa kwake.

Lakini chupa zikishapangwa, ni ipi yenye dawa? Hapo Keele waliwapa nzige kazi ya kuamua. Karatasi ya kuchujia ilitiwa maji ya sukari, ambayo nzige huila kwa pupa, kisha ikaongezwa kilichotoka katika safu. Karatasi iliyoliwa ilimaanisha chupa hiyo haina kitu. Iliyosusiwa, kazi iliendelea na chupa yake. Wakatenga tena na tena mpaka wakabaki na kiambato kimoja, azadirakitini, walichokitangaza mwaka 1968. Kiasi kidogo mno chake kilitosha kumfanya nzige mwenye njaa aache kula.

Ndipo ukaja mvutano juu ya umbo lake. Molekuli ina kaboni 35, hidrojeni 44 na oksijeni 16, zimefungamana vibaya sana. Mwaka 1975 Koji Nakanishi wa Chuo Kikuu cha Columbia, ambaye pia aliongoza utafiti katika kituo cha wadudu cha ICIPE jijini Nairobi, alichapisha umbo, na kwa miaka kumi dunia ikaliamini. Halikuwa sahihi. Mwaka 1985 kundi la Wolfgang Kraus wa Hohenheim, na la Morgan akiwa na Steven Ley, yalilisahihisha. Nakanishi na wenzake wakaliafiki umbo jipya mwaka 1987. Ley akajaribu kuiunda molekuli hiyo kwa mkono, akafaulu mwaka 2007, baada ya miaka 22. Mti wa uani huitengeneza kila msimu.

Azadirakitini sasa ni kiuatilifu kinachouzwa madukani. Tanzania nayo haikulala: mwaka 1990 Mayunga Nkunya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichapisha viambato vinavyopambana na vimelea vya malaria, kimojawapo kikitoka katika ndago, magugu yanayong'olewa kila shamba. Kutenga kuna faida nyingine: mafuta ghafi ya mwarubaini yamewahi kuwadhuru watoto wachanga walionyweshwa, na bila kujua kilichomo huwezi kumshauri mama aliyeshika kijiko.

Skuli za Unguja zina chaki, mchicha na spiriti, na hivyo vinatosha mwanafunzi kurudia jaribio la Tsvet kwa kipindi kimoja. Kinachotakiwa ni mwalimu kupewa kipindi hicho.