Historia ya Tiba ya Kuacha Afyuni

Lugha ya Kiswahili ina majina mawili ya zamani ya utomvu wa mpopi, nayo yote mawili yalikuja kwa njia ya bahari. Afyuni ni neno la Kiarabu, na Waarabu walilipokea kwa Wayunani. Kasumba lina udugu na neno la Kigujarati la afyuni iliyolowekwa majini, ambayo watu wa Kathiawar walikuwa wakiwakirimu wageni wao. Maana ya pili ya kasumba, yaani fikra zilizopumbazwa, ni ya baadaye, na leo imeifunika ile ya kwanza hata wengi hawaijui tena. Ama neno uraibu, ambalo siku hizi hutajwa hospitalini kwa maana ya kutawaliwa na dawa, asili yake ni tambuu: jani, popoo, chokaa na tumbaku, vitu vya kutafunwa barazani. Basi neno limetoka katika kijaluba cha tambuu likaingia katika cheti cha daktari. Walakini katika majina hayo hakuna hata moja linalotaja hali ya mtu aliyezoea afyuni siku anapoikosa. Jina la hali hiyo halikutungwa na wanazuoni. Limetoka kwa vijana wa miji ya pwani, nao huiita arosto.

Kwa mtu aliyezoea heroini, arosto huanza kiasi cha saa 8 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho, kwa miayo, machozi na kutoka kamasi kama mwenye mafua. Kisha huja jasho na baridi kwa pamoja, malaika husimama, mboni za macho hupanuka, mifupa huuma, tumbo husokota, na mgonjwa hutapika, huhara, wala hapati usingizi. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali kuliko zote. Baada ya juma moja au siku kumi mwili hutulia. Ni nadra mtu mzima mwenye afya kufa kwa hali hii peke yake, ijapokuwa kutapika na kuhara huweza kumkausha maji hata akafa, asipopata mwangalizi. Kwa kuwa mateso ni makali na muda wake ni mfupi, watu wengi, pamoja na madaktari, walidhani kwamba mateso hayo ndiyo ugonjwa, na kwamba aliyeyavuka amepona. Dhana hiyo ilidumu karibu miaka 100, nayo iliua watu.

Ugonjwa wenyewe uliongezeka kwa mikono ya waganga. Friedrich Sertürner, mfanyakazi wa duka la dawa huko Ujerumani, aliitenga mofini kutoka katika afyuni mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1853 Alexander Wood wa Edinburgh alianza kutumia sindano ya kupenyeza dawa chini ya ngozi, na kwa muda madaktari wakaamini kwamba dawa isiyopita tumboni haizoeleki. Waliozoea kwanza walikuwa wagonjwa wenye maumivu, askari waliorudi vitani, na madaktari wenyewe, ambao sindano ilikuwa mifukoni mwao.

Mwaka 1877 Eduard Levinstein, daktari wa Berlin, alitoa kitabu chake juu ya tamaa ya mofini. Tiba yake ilikuwa kukata mara moja. Mgonjwa aliingia hospitali kwa hiari, mizigo yake ikapekuliwa, kisha akafungiwa chumbani chini ya ulinzi wa wauguzi mchana na usiku, hata siku mbaya zipite. Levinstein hakuwa mtu katili: aliwataka wauguzi wakae karibu, na mgonjwa alipozimia, moyo ukiwa karibu kusimama, aliruhusu apewe mofini kidogo ili asife. Ruhusa hiyo ndogo ina uzito kuliko kitabu kizima, maana ndani yake mna ungamo kwamba kinachotuliza arosto ni dawa ya jamii ile ile iliyoileta. Wenzake wa Ujerumani walibishana naye. Wengine walitaka dozi ipunguzwe kwa majuma mengi, naye Albrecht Erlenmeyer akashika njia ya katikati, ya kupunguza kwa siku chache. Lakini wote watatu waliona jambo moja, wala Levinstein hakulificha: wengi wa waliotoka walirudia.

Badala ya kulitafakari jambo hilo, karne ilikimbilia dawa mpya. Mwaka 1884 Sigmund Freud, akiwa bado kijana huko Vienna, aliisifu kokaini kuwa itawaokoa waliozoea mofini. Rafiki yake Ernst von Fleischl-Marxow aliijaribu, akapata utumwa wa pili juu ya ule wa kwanza, akafa mwaka 1891. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ilianza kuuza heroini kama dawa ya kikohozi. Mengine ya namna hiyo hayana haja ya kutajwa.

Huko Marekani jambo liliondolewa mikononi mwa madaktari likatiwa mikononi mwa polisi. Sheria ya Harrison ya mwaka 1914, pamoja na hukumu za Mahakama Kuu za mwaka 1919, zilifanya iwe kosa kwa daktari kumwandikia mtu mofini kwa ajili ya kumwepusha na arosto tu. Uingereza ilikwenda njia nyingine: mwaka 1926 kamati ya Rolleston ilikubali kwamba wako watu wanaoweza kuishi na kufanya kazi yao vizuri wakipata dozi ndogo, na bila hiyo hawawezi, daktari asizuiwe kuwapa. Mataifa mawili yenye lugha moja, na katika muda wa miaka 7, mgonjwa yule yule akawa mhalifu upande mmoja wa bahari na upande wa pili akabaki mgonjwa.

Magereza ya Marekani yalipojaa, serikali ilijenga hospitali ya ajabu karibu na Lexington, Kentucky, iliyofunguliwa mwaka 1935. Ilikuwa nusu jela na nusu shamba. Wafungwa na watu waliokuja kwa hiari walilala chini ya paa moja, wakakamua ng'ombe na kulima mboga. Hapo ndipo arosto ilipopimwa kwa mara ya kwanza kama homa inavyopimwa: Clifton Himmelsbach aliipa kila dalili alama zake, kuanzia miayo hadi kutapika, ili daktari ajue dozi itoshayo kuituliza. Hapo pia, baada ya Vita Kuu ya Pili, Harris Isbell na wenzake waliijaribu methadoni, dawa iliyobuniwa na wakemia wa Ujerumani kabla ya vita. Waliona kwamba hukaa mwilini muda mrefu, na kwamba mgonjwa akihamishiwa dawa hiyo kisha ikapunguzwa siku kwa siku, arosto huwa nyepesi, ingawa hukawia kwisha. Utaratibu huo ndio uliosambaa hospitali nyingi za dunia.

Elimu hiyo ilikuwa na bei yake. Waliojaribiwa walikuwa wafungwa. Wengine walirudishwa makusudi katika mazoea ili arosto yao itazamwe, na ujira wao waliweza kuuchukua kwa dawa ile ile iliyowafunga. Baraza la Seneti lilipouliza habari hizo mwaka 1975, jibu halikuweza kupendeza.

Wako waliotoka Lexington wakiwa wamepona kweli. Sonny Rollins, mpiga saksofoni, aliingia mwaka 1955, akatoka, wala hakurudia heroini. Lakini uchunguzi uliotangazwa mwaka 1962, uliowafuata watu zaidi ya 1,800 waliorudi New York kutoka hospitali hiyo, ulikuta zaidi ya 9 katika kila 10 wamerudia. Hospitali ilikuwa imefanya kazi yake barabara. Kazi yenyewe ndiyo iliyokuwa pungufu. Miaka miwili baadaye, katika mji huo huo wa New York, Vincent Dole na Marie Nyswander waliacha kuitumia methadoni kama daraja la kuvukia, wakaifanya makao: mgonjwa apewe dozi ya kutosha kila siku, kwa miaka ikibidi, aende kazini kwake. Habari yao ilichapishwa mwaka 1965.

Sababu ilidhihirika maabara zilipofika ndani ya ubongo. Mwaka 1973 vilipatikana vipokezi ambavyo afyuni hujishikiza navyo, na mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz wa Aberdeen wakatangaza kwamba mwili wenyewe hutengeneza vitu vinavyofanana na afyuni. Mazoea hubadili kazi ya chembe za ubongo kwa muda mrefu kuliko siku kumi za arosto. Kibaya zaidi, ustahimilivu hupotea upesi kuliko tamaa. Mtu aliyesafishwa akitoka mlangoni na kurudia dozi aliyoizoea zamani, pumzi yake husimama. Kwa sababu hiyo majuma ya kwanza baada ya tiba ya kuacha, au baada ya kifungo, ni ya hatari kubwa.

Heroini ilienea katika miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki tangu miaka ya 1980, ikiitwa unga, na watumiaji wake wakaitwa mateja. Sindano zilipoingia, virusi vya ukimwi vilifuata njia ya damu. Mwezi wa Februari mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, mpango wa kwanza wa serikali wa namna hiyo katika bara la Afrika kusini ya Sahara. Kisiwa cha Mauritius kilikuwa kimetangulia mwaka 2006. Huko Unguja tiba hiyo ilifika Kidongo Chekundu mwaka 2015. Mgonjwa huja kila siku, hunywa dawa yake kikombeni mbele ya mtoa dawa, hunena neno moja au mawili ili ijulikane kwamba amemeza, kisha huondoka. Jambo lililowashinda wengi katika miaka ya mwanzo halikuwa arosto bali nauli, kwa kuwa mtu wa Temeke aliyekuwa akiishi kwa kibarua alipaswa kufika Upanga kila asubuhi, hata siku ambayo hakupata kibarua.